Kupeleka mzigo Lamu: hesabu mikono, usihesabu kilomita

Kutoka Mombasa hadi Mokowe, jeti ya bara ya kuvukia Lamu, ni kama kilomita 340, na lami imefika. Ukitazama ramani utasema hiyo ni safari ya siku moja, na kwa abiria ni kweli: akipanda basi alfajiri, alasiri yuko jeti ananusa bahari. Lakini abiria hushuka kwa miguu yake, akaingia botini kwa miguu yake, akafika Lamu akapanda ngazi mwenyewe. Mfuko wa saruji hauna miguu. Kila unapobadilisha chombo, sharti mtu ainame, aubebe, autue. Mtu huyo hulipwa, na kila mahali unapotuliwa unaweza kupasuka, kulowa au kupotea.

Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Lamu, mtaa wa Langoni, na nimepitisha saruji, mabati, nondo, vigae na misumari katika njia hii hadi nimeijua kama uchochoro wa nyumbani. Namwandikia anayeagiza mzigo wake mwenyewe: mwenye duka anayeanza, fundi aliyepewa nyumba ya kukarabati, au mtu aliyeko Nairobi anayemjengea mamake chumba kule Siyu, kisiwani Pate.

Kabla hujanunua chochote

Chukua karatasi uandike kila mahali mzigo utakapoinuliwa. Mfuko wa saruji unaotoka ghala la Mombasa kwenda nyumba ya mtaa wa Mkomani, Lamu mjini, huinuliwa mara sita: ghalani kuingia kwenye lori, kwenye lori kushuka jeti ya Mokowe, jeti kuingia mashuani, mashuani kutoka hadi ukingo wa Lamu, ukingoni kupanda mgongo wa punda, mgongoni kuingia ndani ya nyumba. Ukiupitisha dukani kwanza, ni mara nane. Ukienda Faza, nako Pate, ongeza mbili au tatu.

Mbele ya kila mkono, yaani kila kuinuliwa, andika mambo matatu. Nani analipwa? Analipwa kwa mfuko au kwa safari? Na mfuko ukipasuka hapo, hasara ni ya nani? Hilo la tatu ndilo watu huliruka, halafu huja kuligombania juani. Dereva atakwambia yake yaliisha alipofungua bodi ya lori. Nahodha atakwambia alipokea mzigo jinsi ulivyokuja. Wa mwisho ni mwenye punda, na kwa kuwa ndiye aliyesimama mlangoni kwako, lawama zote humwangukia yeye, maskini, na mara nyingi hana kosa lolote. Elewaneni na kila mmoja kabla hajagusa mzigo.

Nauli ya lori ndiyo inayopigiwa kelele kwa kuwa ni fungu moja kubwa. Faida ya duka huliwa na mikono midogo ya baada ya Mokowe, kidogo hapa kidogo pale. Ndiyo sababu mfuko wa Mpeketoni na mfuko wa Lamu mjini haviwezi kuwa bei moja ingawa kaunti ni moja: Mpeketoni iko bara, lori huegeshwa mlangoni mwa duka.

Karatasi hiyo itakuonyesha pia vitu vya kutoagiza mbali. Mawe na kokoto huchimbwa Maweni, ng'ambo tu hapo kisiwani Manda, na hufika kwa jahazi. Boriti za mikoko zipo hapa hapa. Huuzwa kwa korja, yaani 20, na kila unene una jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Nunua kwa mwenye kibali cha kukata. Mchanga wa matuta ya Shela usiuguse hata ukiambiwa ni wa bure, maana chini ya matuta hayo ndiko yaliko maji matamu ya mji. Na ikiwa unatengeneza ukuta wa kale wa matumbawe, saruji usiibebe kabisa. Ukuta ule unataka chokaa. Saruji hufungia unyevu na chumvi ndani, na baada ya misimu michache plasta hubambuka vipande vipande. Mji wa kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, kwa hiyo Makumbusho ya Taifa waone mapema, kabla fundi hajashika nyundo.

Soma mwezi kabla ya kupanga lori

Hapa ndipo wageni wa njia hii hupotea, nami nilipotea.

Mwaka wangu wa kwanza niliagiza mifuko 120. Lori lilifika Mokowe saa nne asubuhi, siku ya pili baada ya mwezi mpevu, mwezi wa Mei. Nilifurahi; niliona nimepata mchana mzima wa kuvusha. Nikamkuta nahodha niliyeelewana naye ameketi kivulini, chombo chake kimelala ubavu juu ya tope. "Ami, tupakie," nikamwambia. Akanitazama, akatazama bahari, akasema: "Mai yakipwa, mwanangu, na mimi hupwa nayo." Dereva wa lori hakuwa na subira, alikuwa na mzigo wa kurudi nao. Akashusha mifuko yote juu ya jeti, akaondoka. Sikuwa na turubai. Saa nane ikaja mvua ya masika, ile isiyopiga hodi. Mifuko 37 ikawa mawe.

Tangu siku hiyo mimi huanza na mwezi, lori hufuata.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja na kitu, na kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tuna bamvua: maji hupanda sana na hushuka sana, tofauti ikapita mita 3. Katikati, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: tofauti hupungua ikawa kama mita 1 na kidogo, na bahari hukaa karibu palepale kutwa. Kwa tarehe za mwezi wa Kiislamu, bamvua hushika nguvu kuanzia tarehe 1 hadi 4, na tena 15 hadi 18. Maji mafu ni karibu tarehe 8 hadi 10, na 22 hadi 25.

Jambo la kukariri ni hili: pwani yetu, siku za bamvua, maji hujaa kama saa kumi, alasiri na alfajiri, na hupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Wiki moja baadaye, siku za maji mafu, yamegeuka: hujaa kama saa nne, hupwa kama saa kumi. Kwa hiyo ukijua maji yamejaa leo saa kumi jioni, kesho hesabu saa kumi na dakika 50, keshokutwa saa kumi na moja na dakika 40. Jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, linatosha, maana tofauti na Lamu ni ya dakika chache, na siku hizi hata simu inakuonyesha. Lakini jifunze kuhesabu kwa kichwa, kwa sababu utakuwa unazungumza na dereva simuni huku simu ndiyo hiyo hiyo yenye jedwali.

Sasa panga kwa kurudi nyuma. Boti ndogo za abiria hupita Mokowe karibu saa zote. Mashua yenye tani tano ni habari nyingine: inataka ipakie maji yakipanda, ili ikizidiwa kidogo ielee na isikae. Mimi hutaka mfuko wa kwanza uingie chomboni muda wa saa tatu kabla ya maji kujaa. Siku za bamvua, hiyo ni saa saba mchana. Lori liwe limeegeshwa saa sita, na litoke Mombasa kwa wakati wa kulifikisha saa hiyo na nafasi ya kuharibikiwa tairi moja. Ukiwa na uhuru wa kuchagua siku, chagua maji mafu: hayana haraka, na jeti na chombo hukaa karibu kwa urefu mmoja. Bamvua likipwa, jeti huwa juu na chombo chini kabisa, na kila mfuko hupokezwa kwa mikono ngazi baada ya ngazi zenye utelezi.

Upepo nao una lake. Kusi huanza Aprili na huwa kali Juni hadi Agosti. Kaskazi ni Disemba hadi Machi. Kati ya Mokowe na Lamu umefunikwa na visiwa, hutaona taabu kubwa. Ila mzigo unaokwenda kisiwa cha Kiwayu, au chombo kinachoingia kutoka bahari kuu kupitia mlango wa Shela, usiupange katikati ya kusi bila neno la nahodha.

Lori

Lori la ekseli mbili linaruhusiwa uzito wa tani 18 kwa jumla, gari na mzigo. Ukitoa uzito wa gari lenyewe, unabaki na kama tani 10, yaani mifuko 200 ya kilo 50. Dereva atakayekwambia ataongeza 60 "ikae tu juu" anakuongezea taabu, kwa sababu mizani ipo Mtwapa, na lori likizuiliwa pale nusu siku, hesabu yako ya maji imekwisha.

Ili upate nauli nzuri, tafuta gari linalokuja huku tupu. Malori mengi hufuata mazao ya Lamu bara. Msimu wa maembe, Novemba hadi Februari hivi, magari huja Mpeketoni na Hindi kuchukua maembe kupeleka Mombasa, na mwenye gari hafurahii kuja bila kitu. Kuwa na namba za madalali wa maembe kuna faida kuliko kuwa na namba za ofisi yoyote ya usafirishaji. Kinyume chake pia ni kweli: ukiwa na magunia ya nazi au boriti za kutuma, mkamate dereva palepale Mokowe anapofunga bodi yake, kabla hajapiga simu.

Mzigo mdogo, wa chini ya kilo 200 tuseme, hauna haja ya lori. Tia kwenye basi kama parseli. Ukiwa Malindi, uliza basi la Lamu lapita saa ngapi na uwe stendi nusu saa mapema. Buti likijaa Mombasa, Malindi hutapata nafasi. Andika jina la mpokeaji na namba ya simu juu ya mzigo wenyewe, kwa rangi au kalamu nene, pande mbili. Karatasi ya kubandika hung'oka kabla ya Gongoni.

Kulipa: nusu lori likiwa limepakiwa na umepata picha ya namba ya gari, nusu mzigo ukihesabiwa Mokowe. Anayetaka yote mbele, mwache.

Njiani

Malindi ikipita na daraja la Sabaki likipita, kinachobaki ni barabara ndefu hadi Minjila, karibu na Garsen, ambapo gari hukata kulia kuelekea Gamba, Witu, Hindi na Mokowe. Kuanzia Garsen kuna vizuizi vya polisi, na pale usalama unapotiliwa shaka magari husindikizwa. Dereva na tanboi wake wawe na vitambulisho, hati za mzigo ziwe mkononi wala zisiwe chini ya kiti, na safari iwe ya mchana. Haya hayahitaji maelezo marefu.

Kinachohitaji ni mto. Watu hutazama mawingu ya Garsen wakasema njia iko sawa. Tana haijazwi na mvua ya Garsen. Hujazwa na mvua ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, huku chini kukiwa jua kali. Maji yakizidi katika mabwawa ya juu, hasa Masinga, humwagika, yakapita Garissa, na baada ya siku kadhaa yakatufikia sisi. Mwishoni mwa 2023, na tena masika ya 2024, barabara ilikatika pale Lango la Simba, kati ya Minjila na Gamba, watu wakavushwa kwa boti katikati ya lami. Mwenye duka aliyesikia habari za Masinga redioni alikuwa na siku chache za kuagiza. Asiyesikia aliuza rafu tupu.

Kwa hiyo Aprili, Mei, Novemba na Disemba, mimi huweka akiba ya wiki tatu, na kila asubuhi husikiliza habari za Masinga na Garissa kabla ya kumtumia mtu yeyote pesa ya lori.

Mokowe

Pawe na mtu wako. Si rafiki wa dereva, si "kijana mmoja yuko hapo". Mimi humtuma mpwa wangu. Huketi juu ya ndoo aliyoigeuza, kwenye nafasi nyembamba kati ya lori na chombo, mahali ambapo kila hamali lazima ampite. Mfukoni ana kibiriti. Kila mifuko kumi, huhamisha njiti moja kutoka kisanduku kimoja kwenda kingine. Haandiki, ukiandika, macho huenda kwenye karatasi na mfuko hupita. Akimaliza huhesabu njiti na mifuko iliyozidi kumi ya mwisho, ndipo anapoandika mara moja. Siku moja kiongozi wa mahamali alisema ni 159. "Mjomba, ni 158," akanipigia, "nimehesabu njiti mara mbili." Wakamwaga hasira, wakateremka chomboni kuhesabu upya. Zikawa 158, mmoja ulikuwa umebaki nyuma ya tairi la akiba ndani ya lori. Bila zile njiti ningemlipa hamali kwa mfuko asioubeba, na dereva angeondoka nao.

Anachobeba mpwa wangu, mbali na njiti:

- turubai mbili kubwa na kamba, kwa mvua na kwa maji ya mawimbi
- mbao chache za kutandika chini, saruji isiguse sakafu ya jeti wala ya chombo
- magunia matupu kama kumi, kwa mifuko iliyopasuka. Usitegemee mifuko ya plastiki ya kubebea, imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017
- noti ndogo ndogo, kwa sababu mtandao wa simu huchagua saa hiyo kupotea

Bei ya kushusha na kupakia ielewane na kiongozi wa kundi, kwa mfuko, kabla bodi haijafunguliwa. Lori likiwa wazi na mawingu yakiwa meusi, bei si yako tena. Ada za kaunti lipa penye risiti na uitunze. Hamali au askari wa lango linalofuata ataiuliza.

Kuhusu kuvuka: tazama ukingo wa chombo. Ikiwa kati ya maji na ukingo pamebaki pungufu ya shibiri mbili, mimi husimamisha upakiaji, hata kama imebaki mifuko mitano na nahodha anacheka. Mifuko 200 igawe safari mbili kwa mashua ya tani tano. Petroli na gesi haviendi na abiria, wala haviendi na vyakula. Kila aliye chomboni, pamoja na mahamali, avae jaketi la kuokolea. Kuvuka kwenyewe ni kama nusu saa kwa chombo cha mwendo wa wastani. Taabu iko kwenye kupakia na kupakua.

Kuingia mjini: punda na kona

Ukingo wa bahari wa Lamu ni mpana, lakini ukiuacha tu na kuingia Usita wa Mui, njia kuu ya mji, unaanza kujibana, na vichochoro vya ndani ni vya punda mmoja na mtu aliyejibandika ukutani. Gari halina nafasi. Kwa hiyo hesabu hii ifanye mapema: punda mmoja, mifuko miwili. Mifuko 200 ni safari 100. Ukipata punda kumi, kila mmoja huenda mara kumi. Safari ya dakika 20 kwenda na kurudi, pamoja na kupakia, ni zaidi ya saa tatu. Ukifika ukingoni saa kumi na moja jioni, utamaliza gizani, mifuko ikiwa nje na watoto wakiikalia. Ndiyo maana ukisikia chombo kimeondoka Mokowe, mwenye punda apigiwe hapo hapo.

Punda akiwa mdogo au ana kidonda mgongoni, mimi hukataa asipakiwe, au hupakiwa mfuko mmoja nami nikaongeza malipo. Mji una zahanati ya punda tangu 1987, matibabu yapo, kwa hiyo mwenye punda hana kisingizio. Na punda aliyezidiwa hulala chini, mara nyingi kwenye kona, na wote kumi nyuma yake husimama. Kwa mchanga na kokoto huvikwa shogi, mfuko wa pande mbili unaoning'inia mgongoni. Kwa saruji, uliza kama kuna gunia kuukuu la kuweka kati ya mfuko na mgongo.

Ijumaa usipange kupakua kati ya saa tano na nusu na saa nane. Ramadhani mahamali hufanya kazi asubuhi na mapema au baada ya futari, na ni haki yao. Wiki ya Maulidi mji hujaa wageni na punda wana kazi nyingine. Mimi hufunga kuagiza kabisa.

Sasa vile visivyoenda kwa mfuko. Nondo ya mita 12 huja imekunjwa katikati, lakini hata mita 6 hazikati kona ya Mkomani. Pima kona nyembamba kuliko zote kati ya ukingo na nyumba, kwa kamba, ukiwa na hamali mmoja mzoefu, halafu nondo zikatwe Mombasa kwa vipimo vya fundi. Nimewahi kuona nondo zikipandishwa juu ya paa la jirani ili zipite, na jirani akitaka kulipwa paa lake. Mabati ya mita 3 hubebwa na watu wawili yakiwa wima. Siku ya upepo wa kusi usiyabebe ukingoni, yatawarusha. Vigae vya sakafu vishushwe vikiwa vimesimama kwenye boksi zao, kamwe visilazwe, na kwenye lori viwe vya mwisho kupakiwa na vya kwanza kushuka. Kioo mimi hukinunua Lamu hata kikiwa ghali.

Saruji ikifika ndani, iweke juu ya mbao, mbali na ukuta kwa upana wa mkono, na uandike tarehe kwa chaki. Hewa ya hapa ina chumvi na unyevu mwaka mzima. Miezi mitatu ndiyo mpaka wangu. Baada ya hapo hata mfuko usiopasuka huanza kushika mabonge.

Mzigo wa Pate

Mzigo wa kisiwa cha Pate usiushushe Lamu kisha ukaupandisha upya. Elewana na nahodha auchukue Mokowe moja kwa moja hadi Mtangawanda, jeti ya Pate. Umeokoa mikono miwili. Njia hupita mkondo wa Mkanda, kati ya Manda na bara, mwembamba wenye mikoko pande zote mbili, na chombo kizito hutaka kuupita maji yakiwa mengi. Kwa hiyo hapa kuna saa mbili za maji za kuangalia: ya kupakia Mokowe na ya kupita Mkanda. Nahodha wa Pate anazijua kuliko jedwali lolote. Kazi yako ni kumuuliza siku tatu kabla na kumlipa anaposema "si leo".

Mtangawanda maji ni marefu, ndiyo sababu vyombo huenda pale badala ya mji wa Pate wenyewe, ambao bahari yake hukauka maji yakipwa. Kutoka jeti kuna punda na pikipiki kwenda Siyu, Faza na Kizingitini. Kwa mizigo ya Faza, watu wengine husubiri maji yajae na kwenda kwa chombo hadi mjini. Ni sawa, ila chombo kikichelewa, mzigo hulala baharini usiku mzima. Tuma turubai ya tatu.

Na ile bandari kubwa?

Kila mwezi huulizwa: si kuna bandari mpya, kwa nini saruji yako haishukii pale? Bandari ya Lamu iko bara, Kililana, na gati lake la kwanza lilizinduliwa tarehe 20 Mei 2021. Magati matatu ya mwanzo yana urefu wa mita 400 kila moja na kina cha mita 17.5. Ni bandari ya meli za makontena, na ya LAPSSET, mradi wa njia ya uchukuzi kuelekea Ethiopia na Sudan Kusini. Mtu wa mifuko 200 hana cha kufanya na gati la mita 400. Hata mifuko hiyo ikishuka pale kwa meli, bado itataka lori, mashua na punda. Mikono mitano kati ya ile sita ingebaki vilevile, na mpwa wangu angeketi juu ya ndoo yake kama kawaida, kibiriti mfukoni.